MZEE ANAYELIPWA NA SERIKALI ASIFUNGIWE MLANGO



Katika mkutano wa tawi uliopita, baada ya habari za mishahara na za buti za kazini kwisha, ndugu mmoja wa genge la njia alisimama akauliza swali ambalo halikuwamo katika ajenda. Alisema hivi: "Bwana Mwenyekiti, mimi nimejenga vyumba vinne kwa mkopo. Kimoja ki wazi. Amekuja mzee wa miaka sabini na kitu ataka kupanga, lakini hana kazi, anakula pesa za wazee za serikali. Je, nimpe au nimkatalie?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti kubwa, "Mkatalie, pesa hizo huja kama mvua ya Mariakani!" Wengine wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema kwamba hilo si jambo la chama, tukaendelea na mengine.

Mimi nasema ni jambo la chama, na ndiyo sababu naliandika katika ukurasa wa kwanza. Ninazo sababu tatu.

Kwanza, wanachama wengi leo ni wenye nyumba. Zamani hili lilikuwa haba. Baba zetu walikaa katika landi za reli, na siku ya kuacha kazi walifunga mizigo wakarudi makwao. Sisi tumekopa katika vyama vya akiba na mikopo, tumenunua kiwanja kidogo, tumesimamisha vyumba vinne au sita vya matofali na mabati, na mwisho wa mwezi twapita mlango kwa mlango na daftari mkononi. Si vibaya. Mshahara hautoshi, na mtu hana budi kujitengenezea uzee wake mapema. Lakini mtu aweza kuwa mwanachama mzuri kazini, kisha akafika kwenye ploti yake akawa tajiri mbaya kuliko yule anayemlalamikia mchana kutwa.

Pili, vyama vya wafanya kazi katika nchi hii havikuanza kwa sababu ya mshahara peke yake. Wafanya kazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1939, kilio chao kimoja kikubwa kilikuwa ni nyumba na kodi. Walipogoma tena Januari 1947, watu wa reli na wa bandari pamoja, maisha yalikuwa yamepanda na mshahara umesimama pale pale. Posho ya nyumba tunayoiona leo katika karatasi ya mshahara haikuanguka kutoka mbinguni. Ililiwa jua, na wako waliofukuzwa kazi kwa ajili yake. Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema wazi kwamba kila tajiri ampe mfanya kazi wake nyumba inayofaa, au amwongezee pesa za kutosha kupanga. Basi sisi tunayo posho ya nyumba. Mzee yule hana. Pesa yake moja ndiyo chakula, ndiyo dawa, ndiyo kodi.

Tatu, wazee hawa ni wafanya kazi wenzetu. Hapa ndipo wengi hukosea, basi tueleze vizuri.

Mpango wa serikali uitwao Inua Jamii unawahudumia watu wa namna tatu: nyumba zinazolea yatima na watoto walio taabuni, watu wenye ulemavu mkubwa, na wazee. Ulianza kidogo kidogo mwaka 2004 kwa upande wa yatima, kisha wakafuata wazee na walemavu. Mwaka 2018 ukapanuliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, nayo yalikuwa yakipitia benki na mawakala wa benki. Kiasi hicho kimekaa hivyo hivyo kwa miaka zaidi ya kumi, hali ya kuwa unga haukukaa hivyo hivyo, wala sukari, wala nauli.

Sasa jiulize, ni nani hao waliofika miaka 70 bila pensheni? Ni kibarua wa bandarini aliyepakia magunia akalipwa kwa siku. Ni mkata mkonge. Ni mpishi wa nyumbani, mlinzi wa usiku, mwanamke aliyeponda kokoto juani. Na wako hata wale waliowahi kushika sururu kando ya reli, wakaitwa vibarua mwaka baada ya mwaka, jina lao lisiandikwe katika kitabu cha kudumu. Wengine walikatwa pesa za NSSF. Lakini mfuko ule, tangu ulipoanzishwa mwaka 1965, kwa miaka mingi ulikuwa wa kumpa mtu akiba yake yote mara moja siku anapostaafu, wala si pensheni ya kila mwezi. Pesa ziliingia mkononi mara moja na zikatoka mara moja: mabati ya nyumba, karo ya mtoto, deni la duka, zikaisha. Miaka kumi na mitano baadaye mtu bado yu hai, na bado ataka kulala mahali pasipovuja.

Kwa hiyo anayesema, "Huyu hafanyi kazi, anakula pesa za bure," hajui asemalo. Kazi ameifanya. Wengi wetu twatembea juu ya kazi yake kila siku. Hizo shilingi 2,000 ni ujira ambao haukulipwa wote wakati ule, nao unakuja sasa umechelewa na umepungua.

Lakini tumsikilize na mwenye vyumba, maana naye ni ndugu yetu. Mwenye vyumba vinne si bwana mkubwa. Ana mkopo unaokatwa kabla hajauona mshahara, na mkopo haujui habari za huruma. Anaogopa kwamba pesa za serikali zitachelewa, na kweli huchelewa. Anaogopa kwamba mzee ataugua ndani ya chumba, au atafariki, na yeye ndiye atakayegongewa mlango usiku. Anaogopa tena kwamba kijana asipolipa aweza kugombana naye, lakini mzee asipolipa atamfanya nini? Hofu hizi si za upumbavu. Mimi nimezipitia zote, na nitasema yangu hapa ili nisije nikahubiri nisiyoyatenda.

Mimi nina vyumba vinne upande wa Mariakani. Nilivimaliza mwaka 2021. Mwaka uliofuata alikuja mama mmoja mzee pamoja na mjukuu wa darasa la tano. Watoto wa ploti wakawa wanamwita Hawe, kama wanavyoita bibi zao. Kodi ilikuwa shilingi 1,500. Mama alinionyesha kitambulisho chake na kadi ya benki, akasema, "Mwanangu, mimi nalipwa na serikali." Nilifurahi. Nilifikiri nimepata mpangaji ambaye tajiri wake hafilisiki.

Miezi ya kwanza alilipa. Kisha, mwanzo wa mwaka 2023, pesa zikasimama. Mwezi wa kwanza alikuja jioni akaniambia hazijaingia. Mwezi wa pili vile vile. Mwezi wa tatu nikaona nachezewa. Kijana wa chumba cha pili, aliyekuwa na kazi ya godauni, akanicheka mbele ya watu akasema, "Bwana, wewe umefungua nyumba ya wazee." Maneno yale yaliniuma. Nikaenda dukani nikanunua kufuli. Asubuhi mama alipokwenda kwa wakala kuuliza habari za pesa, nami nikafunga mlango wake, nikaenda zamu.

Nilirudi saa mbili usiku. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nje ya mlango. Mjukuu amelala chini juu ya kanga, bado na sare ya shule mwilini. Wapangaji wengine walikuwa ndani, milango imefungwa, kimya. Mama hakupiga kelele. Alisimama akanisalimu kama kila siku, kisha akasema, "Mwanangu, dawa zangu za presha zimo ndani. Nipe hizo tu. Habari za nyumba tutazungumza kesho."

Nilifungua mlango. Sikuwa na neno la kusema, na usiku ule sikulala.

Asubuhi, kwa kuwa nilikuwa na siku yangu ya kupumzika, nilimfuata mama mpaka kwa wakala ili nijionee. Nilikuta foleni ya wazee. Wengine walikuwapo tangu alfajiri, wana fimbo, wana chai ndani ya chupa. Wakala akasema hakuna kitu, wakatawanyika polepole. Hapakuwa na hila yoyote. Mama alikuwa amesema kweli miezi yote mitatu.

Siku pesa zilipofika nilikwenda naye tena. Safari hii pesa zilikuwapo, lakini mashine haikusoma vidole vyake. Wakala akajaribu kidole gumba, cha shahada, mkono wa kulia, wa kushoto. Nikavitazama vidole vile kwa mara ya kwanza. Vilikuwa vimekwisha mistari, laini kama sabuni iliyobaki. Mama aliponda kokoto zaidi ya miaka ishirini, akiwauzia watu wanaojenga. Nikasimama pale nikijiuliza kokoto za msingi wa vyumba vyangu nilinunua kwa nani. Mashine ilikubali kidole cha mwisho, baada ya kupakwa mafuta na kupanguswa mara nyingi.

Siku ile ile, kabla hajanunua hata sukari, mama alikuja mlangoni kwangu na kodi ya miezi mitatu imefungwa katika kitambaa. Shilingi 4,500. Kijana wa godauni, mwenye mshahara wa kila mwezi, alihama usiku mwaka ule ule na kodi yangu ya miezi miwili. Sisemi kwamba wazee wote ni waaminifu na vijana wote ni wezi. Nasema tu lililomo katika daftari langu: pesa za mama zilichelewa, hazikupotea. Za kijana ziliwahi, kisha zikapotea.

Baadaye ndugu mmoja wa chama anayejua sheria aliniambia kwamba kwa kufuli lile ningeweza kushitakiwa. Iko Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ambayo yahusu nyumba za kukaa ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Vyumba vyetu vingi vimo humo humo. Sheria hiyo haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji kwa nguvu zake mwenyewe. Lazima apate amri ya baraza la kodi. Wala haruhusiwi kushika vyombo vya mpangaji kufidia kodi bila ruhusa ya baraza, wala kumkatia maji ili ahame. Ndugu wenye ploti, wengi wetu twadhani kufuli ni haki yetu kwa kuwa mlango ni wetu. Si hivyo.

Lakini hata kama sheria isingekuwapo, kuna swali moja ambalo kila mfanya kazi angejiuliza. Deni lile lilikuwa la nani? Mama alinidaiwa shilingi 4,500, ni kweli. Lakini naye alikuwa akidai shilingi 6,000, na anayedaiwa ni serikali. Mimi nilimfungia mlango mdaiwa aliye karibu kwa sababu yule aliye mbali sikuweza kumfikia. Mshahara wetu ukichelewa, na mwenye nyumba akatutupia godoro nje, twasema ana haki? Tungekimbilia ofisi ya chama siku ile ile, na katibu angeandika barua kwa tajiri, si kwetu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini sisi hatujashiba kiasi cha kusahau.

Wala jambo hili si la Kenya peke yake. Huko Uingereza serikali huwasaidia wasio na kazi, walemavu na wenye mshahara mdogo kulipa kodi ya nyumba. Hata hivyo wenye nyumba wengi walikuwa wakitangaza wazi kwamba hawataki mpangaji wa pesa za serikali, hata kama aweza kulipa. Mwezi wa Julai 2020, hakimu katika mji wa York aliamua kwamba kumkataa mtu kwa sababu hiyo peke yake ni kinyume cha sheria ya usawa, kwa maana wanaoumia zaidi ni wanawake na walemavu. Basi hata nchi tajiri imebidi ifundishwe kwamba mpangaji atazamwe yeye mwenyewe, isitazamwe chanzo cha shilingi yake. Shilingi ya mzee haina harufu tofauti na ya karani.

Sasa nitatoa mashauri, kwa kuwa kulaumu peke yake hakumpi mtu mahali pa kulala.

Shauri la kwanza, usimkatae mtu kwa sababu ya mahali pesa zake zitokapo. Muulize kama unavyomwuliza mwingine: atakaa na watu wangapi, alikuwa akikaa wapi, ni nani amjuaye. Ukiona hafai, mkatae kwa sababu hiyo.

Shauri la pili, kodi ilingane na pesa. Mzee wa shilingi 2,000 usimpe chumba cha shilingi 2,500 kisha ukashangaa akishindwa. Huko si kumsaidia, ni kumchimbia shimo. Hata kodi yangu ya 1,500 ilimwachia mama shilingi 500 tu za kula mwezi mzima yeye na mtoto. Baada ya mambo yale nilipunguza kodi ikawa 1,200. Hesabu yake si ngumu: nakosa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Chumba kikikaa wazi miezi mitatu nakosa 4,500. Mpangaji akitoroka na miezi miwili nakosa 3,000, na mlango labda amevunja. Mzee hahamihami, hapigani usiku, na mchana yuko nyumbani, mwizi hapiti. Hatusemi ugeuze ploti yako yote kuwa nyumba ya sadaka. Mkopo ni mkopo, na dawa ya deni ni kulipa. Lakini mwenye vyumba vinne aweza kutenga kimoja kidogo kwa kodi nafuu, na asife njaa.

Shauri la tatu, tarehe ya kodi ifuate tarehe ya pesa zake, isifuate mshahara wako. Andikeni karatasi mbili, moja kwako, moja kwake: kodi ni kiasi gani, na pesa za serikali zikichelewa atalipa siku ngapi baada ya kuzipokea. Kila anapolipa mpe risiti. Kama hasomi, msomee mbele ya mtu anayemwamini. Naye mzee ana wajibu wake. Pesa zikiingia aseme zimeingia, asijifiche. Zikichelewa aje aseme mapema, kabla hajaulizwa. Heshima ni ya pande mbili.

Shauri la nne, usishike kitambulisho cha mzee, wala kadi yake ya benki, wala namba yake ya siri, ati ni dhamana. Nimesikia kwamba wako wafanyao hivyo, na wengine huenda kuchukua pesa wenyewe kisha wakampa mwenye mali kinachobaki. Huo ni unyang'anyi, hata kama ulianza kwa maneno matamu. Sisi tungekubali mwenye nyumba akae na kadi zetu za mshahara?

Shauri la tano, kwa wale wanaoogopa ugonjwa na kifo. Siku ya kwanza andika majina na simu za jamaa zake wawili, na umpeleke ajulikane kwa mzee wa Nyumba Kumi na kwa naibu wa chifu. Mtu anayejulikana hafi peke yake, na mwenye nyumba habaki na mzigo peke yake. Kifo chaja hata kwa mpangaji wa miaka ishirini.

Hayo ni yetu. Yako na ya serikali, na hapa chama kisinyamaze. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya nyumba inayofaa, na yasema serikali itawapa msaada wale wasioweza kujitegemea. Kifungu cha 57 chasema wazee waishi kwa heshima, wapate matunzo na msaada kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Hayo ni maneno mazuri. Lakini heshima haikai katika foleni ya alfajiri ambayo mwisho wake ni "Rudini wiki ijayo."

Twataka mambo manne. Pesa za wazee, yatima na walemavu zilipwe kwa tarehe moja inayojulikana kila mwezi, kama mshahara. Kiasi cha shilingi 2,000 kitazamwe upya kwa bei za leo za unga na kodi. Wazee waliotimiza umri na hawajaandikishwa waandikishwe, bila kuzungushwa. Na mashine ikikataa vidole vya mtu, pawe na njia nyingine ya upesi ya kumtambua, maana vidole hivyo vimekwisha kwa kazi, si kwa uvivu.

Naliomba tawi lipitishe azimio juu ya mambo hayo katika mkutano ujao, na katibu aandike barua kwa mbunge wetu na kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Tena naomba kila mwanachama mwenye chumba ki wazi amwambie katibu, ili wazee wanaokuja kuuliza ofisini, na huja wengi, wasizunguke mji mzima juani wakihesabiwa milango. Wakati wa kulipisha kodi kila mwenye ploti yuko peke yake. Wakati wa kudai pesa zije kwa tarehe, wenye ploti na wapangaji tuko upande mmoja. Pesa za mzee zikija kwa wakati, kodi yako nayo itakuja kwa wakati. Ugomvi wenu mwaweza kuumaliza kwa kuupeleka unakostahili.

Sasa namrudia ndugu wa genge la njia, maana aliuliza akachekwa, na hakujibiwa. Ndugu yangu, mpe chumba. Kaa naye chini, pigeni hesabu ya kodi anayoiweza, andikeni karatasi, mjue na jamaa zake. Pesa zikichelewa, usinunue kufuli kama nilivyonunua mimi. Njoo ofisini na mzee wako, tuandike barua pamoja.

Mama yule bado anakaa kwangu, na mjukuu amenipita urefu. Kodi haijawahi kupotea hata mwezi mmoja. Imechelewa mara nyingi, na kila mara nimekumbuka ile ndoo na ile kanga.

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Sisi tunaoshika spana leo tutakuja kushika fimbo kesho, na huenda tukasimama mlangoni mwa kijana fulani wa reli, mwenye vyumba vinne na mkopo, tukimwambia, "Mwanangu, mimi nalipwa na serikali." Atakalotujibu kijana huyo, anajifunza sasa kwa kututazama sisi.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI